Mifupa ya Mama

Marani, 4 Machi 1971

Binti yangu Persis,

Pokea salamu za nyumba nzima. Mimi mzima; mama yako si mzima. Aliinua mkungu wa ndizi, akateleza, paja likavunjika. Hakuanguka vibaya, mwanangu. Mtoto angeinuka akicheka.

Nyanya yako, mamake mama, alivunjika vivyo hivyo akafa. Kwa hiyo watu wanamtaja jirani yetu Nyamusi, eti analoga. Vijana wanataka kumfukuza. Wewe ni muuguzi, tuulizie huko hospitalini kama ni ugonjwa.

Baba yako,
Manasseh

Nairobi, 15 Machi 1971

Baba mpendwa,

Mnaendeleaje? Sijapata usingizi tangu nisome habari za mama. Nilimweleza daktari, akauliza kwanza, "Na mama yake je?" Anasema wako watu ambao mifupa yao hudhoofika mapema, na hali hiyo hurithiwa, ingawa si kila mtoto huipata.

Nyamusi hana kosa, Baba. Waambie upesi.

Binti yako,
Persis

Marani, 2 Aprili 1971

Mwanangu,

Salamu. Barua ilichelewa. Nyumba ya Nyamusi ilikuwa imeshachomwa, naye amekimbilia kwa kaka yake huko Keroka. Niliwasomea watu maneno yako kanisani siku ya Sabato. Hakuna aliyeniangalia usoni.

Mama alisema, "Kumbe nilipewa na mama yangu." Kisha akauliza, "Na Persis je?" Nijibu nini?

Baba yako

Nairobi, 10 Aprili 1971

Baba,

Nawasalimu kwa upendo. Mwambie mama mimi ni mzima kabisa. Mwambie hata kama hakuulizi tena.

Persis wenu

Marani, 9 Mei 1971

Mwanangu,

Pole kwa safari ya kurudi Nairobi baada ya kumzika mama. Ulipoondoka, Nyamusi alikuja kaburini. Watu hawakumsalimu. Alilia kuliko wote.

Baba yako

Nairobi, 18 Agosti 1976

Baba,

Habari za siku nyingi? Sikutaka kukuambia. Niliinua ndoo ya maji, mkono ukavunjika. Nina miaka thelathini na minne tu. Daktari aliniuliza swali lile lile.

Mjukuu wako Bosibori anaruka ngazi siku nzima. Tulimpa jina la mama kwa furaha. Sasa kila akiruka, nafumba macho.

Binti yako

Marani, 1 Septemba 1976

Mwanangu,

Pole, pole sana. Nimesoma nikiwa peke yangu, nikashindwa kumaliza mpaka siku ya pili.

Mama yako alipokuwa msichana aliruka mitaro yote ya huku, nami nikampendea hayo. Angejua, asingeruka. Usimkataze mtoto, Persis. Mlete nimwone akiruka, wakati bado anaweza.

Baba yako,
Manasseh