Mahali Pasipo na Watu

Bir es-Saba, Jumamosi 14 Juni

Bibi Sabha, asalam aleikum. Goti lako linaendeleaje, na kondoo je? Mimi mzima, ila usingizi sina. Makombora ya Iran yanapita juu ya Iraq na Jordan kuja huku. Ya jeshi la huku yanapaa kuyadungua, na vyuma vinawamwagikia wote waliopo chini. Njoo kwangu chuoni, kuna handaki. Rada hulipigia hesabu kila kombora: likielekea mjini, hudunguliwa, likielekea mahali pasipo na watu, huachwa lianguke. Na kijiji chetu serikali haikitambui, hakimo kwenye ramani yao, Bibi.

Mjukuu wako,
Rihab

Umm Rujum, Jumapili 15 Juni

Waaleikum salaam, roho yangu. Simu imenisomea maneno yako mara tatu, nami naisemea haya iandike. Goti bovu, kondoo wazima, mdomo wangu unaujua.

Hiyo mashine kaifundisha nani? Inaona chuma mawinguni, haioni nyumba arubaini za mabati na kikongwe anayekamua kondoo! Dada yangu kule Irbid, Jordan, kipande kimetoboa paa la jiko lake, naye hana ugomvi na mtu. Handaki letu ni lile kalavati chini ya barabara, tunabanana humo na mbuzi.

Siji. Nikihama, ramani yao itakuwa imesema kweli. Na ule vizuri, nisije nikakuchapa.

Bibi yako

Jumatatu 16 Juni

Bibi, hujambo? Nimesikia kishindo upande wenu. Jibu.

Rihab

Jumanne 17 Juni

Bibi yangu, neno moja tu. Hata tusi.

Mjukuu wako

Hospitali, Jumatano 18 Juni

Asalam aleikum, kipenzi. Tusi lako hili hapa: punda wee, umelia? Mnara wa simu ulizimika. Kombora walilipigia hesabu kwamba litaanguka pasipo na watu. Likaja hapo pasipo na watu, likanikuta mimi. Paja limechanika, mfupa mzima. Kondoo sita wamekwenda.

Dereva wa ambulansi akauliza, "Hajati, nikuandike umetoka wapi?"

"Umm Rujum."

"Jina hilo halimo kwenye orodha. Naandika 'barabarani'."

Nikaung'ang'ania mlango. "Mwanangu, barabara haizai watu. Andika, au niache nivuje damu hapa hapa."

Akaguna, akaandika.

Karatasi yenyewe wameining'iniza kitandani, miguuni pangu. Mimi herufi sizijui. Njoo unisomee, uniambie kama kweli kaandika.

Bibi yako,
Sabha