Nusu ya Mama, Nusu ya Baba

Alhamisi. Mvua iliyoanza Jumapili haijakatika, na barabara ya kwenda Mbugani imefunikwa na maji. Tumekwama wote hapa Ndandalo: mimi, mume wangu, mama yake, mdogo wake Tumpe, na binti yangu Atupele. Vyumba vitatu, na hakuna pa kutokea.

Kusema kweli, mimi nimekwama tangu zamani.

Atupele ana miaka minne, na ana selimundu. Seli zake nyekundu za damu hujipinda kama mundu, zinaziba mishipa midogo, naye analia miguu mpaka sauti inamkauka. Mwaka wa pili huu mama mkwe anasema ugonjwa umetoka kwetu Mwaya. Anasema akipepeta mchele. Anasema mbele ya wageni.

Sijawahi kuliandika hili popote: mimi na Baba Atupele tulipimwa pamoja. Sote wawili tumebeba chembe za selimundu, ingawa hatuugui. Tukiwa njiani kurudi aliniomba nisimwambie mama yake, hatalimudu. Nikakubali. Nilidhani hayo ndiyo mapenzi.

Leo nimefundisha seli, kidato cha kwanza, maana shule iko hapa hapa Ndandalo, hatua chache kutoka nyumbani. Nusu ya darasa haikufika kwa sababu ya mvua. Nikachora ubaoni: utando unaochagua kipi kiingie na kipi kitoke, saitoplazimu, yaani ute wa ndani, na kiini chenye maelekezo ya mwili mzima. Seli ya mmea nikaiongezea ukuta. Tukaangalia ngozi ya kitunguu kwa zamu kwenye hadubini yetu moja. Msichana mmoja akasema, "Mwalimu, mbona ni matofali haya!" Nikacheka, kwa mara ya kwanza wiki hii.

Ndipo Tumpe akanyoosha mkono. Nyumbani ni wifi yangu, darasani ni mwanafunzi wangu.

"Mwalimu, ugonjwa wa kurithi wa seli unatoka kwa mama tu?"

Wanafunzi wakanigeukia. Wote wanamjua mwanangu.

Ningeweza kusema mada hiyo ni ya vidato vya juu, na isingekuwa uongo. Lakini nilikuwa na chaki mkononi, na watoto wananitazama. Nikachora yai, nikachora mbegu ya baba. Nikawaambia kila moja huja na nusu ya maelekezo, na selimundu humpata mtoto aliyeirithi pande zote mbili. Mzazi aliyeibeba upande mmoja anaweza kuwa mzima kabisa, asijue maisha yake yote.

Tumpe aliandika bila kuinua uso.

Alasiri tulikuwa jikoni, kuni mbichi zinatutoa machozi, akamwambia mama yake, "Mama, kumbe na kaka anayo. Kutoka kwa wifi peke yake isingewezekana."

Mama mkwe akamgeukia mwanawe, aliyekuwa amesimama mlangoni.

"Ni kweli, Mama," akasema. "Tulipima. Mimi ndiye niliyemkataza asiseme."

Nilitegemea kupumua. Mama mkwe hakunitazama hata kidogo. Alikaa kwenye kigoda, akauliza taratibu, "Kwa hiyo wale wawili wangu?"

Kabla ya mume wangu kuzaliwa, mama mkwe alizika watoto wawili. Macho yao yalikuwa ya njano, na walilia viungo. Kwa ajili yao alimtuhumu jirani kwa uchawi, na hawasalimiani mpaka leo.

"Hawakupimwa, Mama," nikamjibu. "Lakini inawezekana."

Hakulia. Alimvuta Atupele, akampakata, akaanza kumkanda miguu. Huku akiendelea kumkanda akasema, "Ndaga, Mama Atupele." Ndaga ni asante ya kwetu. Hajawahi kuniambia, hata nilipompa mjukuu.

Sasa ni saa kumi na moja jioni, naandika haya kitandani. Hasira niliyomwekea mama mkwe imekosa pa kukaa. Imehamia kwa mume wangu, ambaye yuko barazani, anasubiri nimsemeshe.

Maji yakipungua nitampeleka Tumpe akapimwe. Ameniomba mwenyewe. Hilo ni rahisi. Lakini kumsamehe mtu aliyeniacha nisemwe miaka miwili, ili yeye abaki mtoto asiye na kasoro mbele ya mama yake?

Hilo sijui linaanzia wapi.