Koti la Mtani Maktabani

Jumanne jioni.

Wote wanaikosea hii habari. Eti kwenye msiba wa mtani wangu Mhehe, kule Iringa, nilivaa koti lake nikatumbukia kaburini. Uzushi! Nilivaa koti la marehemu, nikatembea kwa mbwembwe zake, nikadai ulanzi wangu, ile pombe ya mianzi, mpaka mjane akaacha kulia akacheka. Ndiyo kazi ya mtani msibani, kuwachekesha wafiwa, na mimi nawapita wote.

Leo nimeisimulia kwenye podikasti ya maktaba hapa Mbeya. Binti anayerekodi akasema, "Babu, mpigie mjane kwanza. Akikataa tunafuta."

Nikatoa simu. Nikapiga.

"Shemeji, nimewaambia ulicheka."

"Mwongo wewe! Nilicheka lini?" Kisha akaongeza, "Haya, waache warushe. Marehemu angependa."

Kicheko nilikitunga mimi. Lakini mwenyewe kakipitisha, nani atanibishia?