Kivuli cha Turubai Langu

Karakana ya makochi,
Nyuma ya duka la rangi.
Jumapili, tarehe 9 Juni.

Mpendwa mdogo wangu Fyuzi,

Nakusalimu kwa mkono mmoja, maana wa pili umeshika kichwa. U hali gani? Shemeji yangu hajambo? Na binti yenu, ambaye nilimwona akiwa na siku nne tu, si ameshaanza kuuliza maswali yasiyo na majibu? Sisi huku tu wazima. Mama hajambo, sukari yake haijapanda mwezi huu, ingawa miguu inamsumbua kila asubuhi. Mgongo wangu ni ule ule wa fundi makochi: nikiinama unalia, nikinyooka unalia.

Najua bahasha hii umeigeuza mara mbili kabla ya kuifungua. Miaka minne hujapata kwangu ila salamu za mstari mmoja kwenye simu. Leo nimeona simu haifai. Kwenye simu ningefika pagumu nikasema mtandao mbaya, nikakata.

Habari yenyewe ni ya lile trela letu la kambi, nyumba yetu ya magurudumu. Tangu tulipogombana halijatoka uani. Niliwaambia watu wote kwamba umeme wake ni mbovu. Bila umeme friji haipoi, na bila friji dawa ya sindano ya mama haisafiri. Basi likakaa, na kuku wakawa wanataga chini yake.

Mwezi uliopita mama aliniambia anataka kurudi ziwani alikozaliwa, kabla miguu haijakataa kabisa. Nikamwita fundi wa sola, mama mmoja mcheshi ambaye mtaani wanamwita Mama Volti, nikamwambia ang'oe waya zote aanze upya. Akapanda paani, akashuka, akafungua kabati la betri, akapitisha kidole juu ya waya. Kisha akasema, "Baba, mimi sing'oi kitu hapa. Aliyefunga hizi waya ana mikono." Akanionyesha. Kila waya imebandikwa karatasi yenye mwandiko wako: friji, taa, feni, redio ya mama. Betri zimefungwa mkanda zisicheze barabarani. Akapima kila kitu, kila kitu kizima. Jasho likaanza kunitoka, na jua lilikuwa bado halijakolea.

Akaniuliza tuliegesha vipi kule ziwani miaka minne iliyopita, friji ilipotuzimikia. Nikamjibu kama nilivyokujibu wewe: tuliegesha juani, kweupe, hakuna hata mti. Akatazama pembeni, akaona turubai limekunjwa. "Na hili?" akauliza.

Mdogo wangu, hilo turubai wewe hujawahi kuliona. Nililishona kwa siri wiki tatu nzima, la kijani, zito, lenye marinda pembeni, ili mama apate baraza ya kukalia. Wewe ulikuwa umemaliza kazi yako ya umeme na uko hospitali na shemeji, mnasubiri mtoto, kwa hiyo hukusafiri nasi. Nililifunga kule kule ziwani. Ili maji ya mvua yasituame, nikalipandisha juu ya paa kwa fimbo mbili na kulinyanyua pembe moja kama kofia ya mtu mwenye maringo. Nilijisifu sana kwa pembe ile. Nilipiga hata picha.

Mama Volti akaniambia tulitundike vile vile. Saa nane mchana kivuli cha pembe kikalala juu ya paneli ya kwanza, ukubwa wa sahani tu. Akanishikisha kipimo chake. Kilikuwa kinasoma ampea nane za umeme, kikashuka mpaka moja. Akanieleza kwamba paneli zako mbili zimeungwa mfululizo, ni kama watu wanaopokezana ndoo za maji: mmoja akikunja mikono, wa mwisho hapati kitu. Akaishusha pembe, nane. Akaipandisha, moja. Alirudia mara tatu, na ile ya tatu nadhani ilikuwa ya kunikomoa.

Kumbe mchana kutwa friji ilikuwa inakula na betri hazishibi. Nyani haoni... malizia mwenyewe, wewe ndiye mwenye haki ya kuimalizia.

Sasa sikia lililonimaliza. Mlango wa lile kabati ulikuwa haufungi vizuri, kwa sababu nilikuwa nimeugongomelea kwa ndani mfuko wa vijiko niliouona unapendeza. Mama Volti akaung'oa. Chini yake kulikuwa na karatasi yako. Umeandika: "Friji kwanza, mengine baadaye. Kivuli chochote kisiguse paneli, hata cha kamba ya nguo. Kaka, panda paani uangalie kila mchana." Niliiona siku ile nikaigongomelea bila kuisoma. Nilidhani ni hesabu zako za kifundi.

Ulikuwa umeniambia kila kitu, nami nikakishonea mfuko juu.

Asubuhi ya pili kule ziwani tulikuta friji ina joto kama kabati la nguo. Dawa imeharibika, mama ameanza kuona kizunguzungu. Tuliendesha saa nne mfululizo mpaka hospitali. Hayo unayajua. Alipopata nafuu nilikuja moja kwa moja kwako, na hofu ilikuwa bado imenipanda kichwani. Wakwe zako walikuwa wamekaa sebuleni na chai, wamekuja kumwona mtoto. Uliniuliza swali moja tu: "Kaka, mliegesha wapi?" Nikasema juani. Sikukudanganya, na ndiyo maana ulikosa la kusema. Halafu mbele ya watu wale nikatamka kwamba anayetaka kumuua mama yake kwa uvivu asijiite fundi. Ulimtazama mama mkwe wako, ukainuka, ukaenda jikoni. Wiki mbili baadaye mkahama.

Nakumbuka kila neno. Nimejaribu kujiambia ilikuwa hasira, lakini hasira haitungi sentensi ndefu namna ile. Nilitaka uonekane mdogo. Naona aibu kuandika hivyo, na ningeona aibu zaidi kutokuandika.

Shemeji alimwambia mama kwamba siku hizi unapanga maboksi ghalani, na hutaki hata kubadilisha taa ya nyumbani kwako. Niliposikia niliweka mkasi chini, sikushona tena siku hiyo. Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Lakini mimi sikuvunja koleo, Fyuzi. Nilimvunja mhunzi.

Jumapili iliyopita nilikwenda kwa wakwe zako. Nilikuaibisha mbele yao, nikaona haitoshi kukuomba radhi pembeni. Nilikaa kiti kile kile, nikaeleza yote, turubai, pembe, mpaka mfuko wa vijiko. Baba mkwe wako alinisikiliza hadi mwisho, akasema, "Yale uliyasema kabla chai haijapoa. Haya yamekuchukua miaka minne." Mama mkwe wako alifuta macho, kisha akaniuliza kama nimekula. Huyo mama ana moyo mkubwa kuliko wangu.

Lipo jambo jingine, na hili mama alikataza usiambiwe. Tangu mwaka jana macho yake yameingiwa na ukungu, na daktari anasema hayatarudi. Mimi ananitambua kwa sauti na kwa harufu ya gundi. Safari ile ziwa lake aliliona jioni moja tu, akiwa amekaa chini ya turubai langu. Miaka hii yote angeweza kwenda kulitazama kila alipotaka, kwa umeme uliokuwa mzima. Wanasema majuto ni mjukuu. Wangu amekuja akiwa tayari anatembea.

Nilimweleza ukweli wote. Kisha akasema, "Basi nipelekeni nikalisikie. Lakini sipandi humo mpaka Fyuzi awashe mwenyewe." Unamjua mama, hilo limekwisha.

Sikuombi urudi kwa ajili yangu. Ukija ukanipita uani kama nguzo ya kuanikia nguo, nitakuwa nimestahili. Njoo kwa ajili yake. Mama Volti hajagusa waya hata moja, nami trela nimeliegesha juani.

Ndani ya bahasha utakuta kipande cha turubai la kijani. Ni ile pembe. Nimeikata kwa mkasi wangu. Kabla sijaitia humu nilimpa mama aishike. Akaipima kwa vidole, kona hadi kona, akaigeuza, akapima tena.

"Kadogo hivi?" akaniuliza.

Nisalimie shemeji, na umbusu binti yenu kwenye paji la uso. Wakwe zako wanawasalimu. Mama Volti naye anakusalimu bila kukujua, anasema ukichoka na maboksi ana mapaa mengi yanakungoja. Mama anakuombea Mungu aulinde mkono wako wa kulia, nami nasema amina.

Wako akupendaye, na aliyekukosea,

Kaka yako.