Kabla ya Kuzika Mgomba

Karagita, 9 Machi 2024

Mama mpendwa,

Leo ni miezi saba tangu nitoke Chwele kumtafuta Levis. Mimi ni mzima, ila mgongo unauma kwa kuinama shambani kwa maua. Miguu yako inaendeleaje? Kwenye simu ulilia, kwa hivyo naandika.

Ni kweli, Kihara aliyeishi chumba kimoja na ndugu yangu Levis amejipeleka polisi. Anasema walikosana wakichota maji ziwani, akamsukuma, Levis akagonga jiwe na kuzama. Wametafuta ziwani, hawakupata kitu. Mpelelezi akaniambia, "Boss, mtu kusema ameua haitoshi. Kwanza ionekane kuna mtu amekufa."

Nikamuuliza Levis basi yuko wapi.

"Labda Kisumu, ameoa."

Askari wenzake wakacheka. Tungojee korti, Mama.

Mwanao,
Sitati

Chwele, 24 Machi 2024

Mwanangu Sitati,

Tumeamka, tunamshukuru Mungu. Miguu imevimba lakini kisimani nafika. Anayeandika ni Nasimiyu, mke wa ndugu yako. Sokoni wanamuuliza kama ni mjane au aliachwa.

Wazee wamesema asiyeonekana azikwe kwa shina la mgomba badala ya mwili. Wewe unataka tungojee serikali. Serikali ndiyo ilimzaa? Njoo uzike ndugu yako.

Mama yako

Karagita, 13 Aprili 2024

Mama mpendwa,

Natumaini uvimbe umepungua. Nisamehe kwa kukawia. Niliukataa mgomba kwa kuogopa kwamba tukishazika, hakuna atakayemtafuta tena.

Korti imemwachilia Kihara. Hakimu alisema watu wamewahi kukiri kumuua mtu ambaye bado anatembea, kwa hivyo maneno matupu hayatoshi. Sikuweza kumchukia huyo hakimu. Ameongea ukweli, na ukweli wake haunisaidii.

Jana Kihara alikuja mlangoni kwangu. Nilishika panga. Hakukimbia.

"Sitati, kule wamekataa maneno yangu. Nipeleke kwa mathe, mama yenu, nimwambie mwenyewe."

"Watu wetu watakuua."

"Basi wao watakuwa wameniamini."

Nikaweka panga chini. Alilia, mimi nikamtazama tu.

Waambie wazee wakate mgomba. Waambie pia ni nani anakuja, ili atakayeshindwa kuvumilia abaki kwake. Kama wewe hutaki kumwona, nipigie simu. Usiponipigia, tutafika Ijumaa tarehe 26, mimi na yeye.

Mwanao,
Sitati