Mjomba wa Kwenye Sabuni

Rumonge, Ijumaa

Mama yangu,

Shikamoo. Naomba goti liwe limekuachia, angalau ufike sokoni bila kushikwa mkono. Mimi mzima, ila vidole vimebabuka kwa ile soda tunayochanganya na mawese kupikia sabuni. Ningepiga simu, lakini ndani ya bahasha mna karatasi, na simu haibebi karatasi.

Unamkumbuka Patroni, mwenye karakana, niliyekusifia kuwa mtu wa dini na heshima? Nafuta kauli. Heshima yake iko kwenye kanzu tu, na kanzu yenyewe anafuliwa. Siku ya kwanza nilipomuuliza habari ya mkataba, alicheka akasema, "Hapa hakuna mufanyakazi. Hapa iko famille." Kwa neno hilo moja, familia, alitumaliza. Hakuna mkataba, hakuna likizo, na ukiugua unaambiwa ndugu hamsusii nduguye. Basi alipomwoza binti yake, sisi ndugu tulikuwa wapi? Nyuma ya nyumba, tunasugua masufuria. Pilau tuliijua kwa harufu.

Wewe uliniambia mvumilivu hula mbivu. Mama, huku mbivu anakula mwenye shamba, mvumilivu anaokota maganda.

Sasa kuna kiwanda Bujumbura kinatafuta mtu anayejua kipimo cha soda, nao wameniona nafaa. Sharti lao ni moja tu, nilete atestasyo, yaani karatasi ya kuthibitisha kuwa nimefanya kazi hii. Nikamwomba Patroni. Akaandika kwa mkono wake, huku anatabasamu, kwamba mimi ni mpwa wake, nina tabia njema na humsaidia pale nyumbani. Karibu miaka mitatu napika sabuni, leo nimekuwa mpwa mwenye tabia njema. Niliichana nilipofika barabarani. Hata kufungia karanga haikufaa.

Wiki iliyopita akasikia enspekta wa kazi anapita karakana moja moja. Ungemwona alivyogawa undugu asubuhi ile. Huyu mtoto wa shangazi, yule binamu, mimi mpwa kama kawaida. Mzee Lukas, Mkongo wa kutoka Baraka, mwenye mvi kichwa kizima na umri wa kumzaa Patroni, akapewa kuwa mtoto wa dada yake. Na unajua huku Burundi ndugu wa tumbo moja hawashiriki jina, kila mtoto ana lake, kwa hiyo majina ya kwenye vitambulisho yasingemuumbua. Alijiona mjanja kweli.

Enspekta alikuwa mama wa makamo mwenye miwani. Vitambulisho hakuvigusa. Alimuuliza tu Mzee Lukas, kama mjukuu wa nyumba ile, bibi yake aliyemzaa Patroni aliitwa nani. Mzee akatazama bati la juu, halafu akajibu, "Sisi tulikuwa tunamuita Bibi tu."

Hakuna aliyethubutu kucheka. Enspekta akanigeukia. "Na wewe, huyu iko nani yako?"

Mama, niliogopa. Nikisema mjomba, kazi ninayo, na Bujumbura naisahau. Nikimkana, jioni sina kazi. Patroni alikuwa ananitazama kwa yale macho yake ya kifamilia. Nikasema, "Mimi ni mfanyakazi wake. Napika sabuni, mwaka wa tatu huu."

Aliandika kila neno, akapiga kashe, yaani muhuri, nami nikaomba nakala. Hata gari lake halijafika barabara kuu, Patroni alishanifukuza. Alisema nimeikana familia yangu. Nikamjibu familia yangu iko Ujiji, na haipiki sabuni.

Hebu isome hiyo karatasi polepole. Jina langu, kazi yangu, miaka yangu, na muhuri wa serikali chini. Atestasyo aliyoninyima imekuja kuandikwa mlangoni kwake, naye amesimama pembeni anatoka jasho. Hiyo ni fotokopi, iweke sandukuni pamoja na vyeti vya marehemu baba. Yenye kashe naipeleka Bujumbura Jumatatu. Niombee.

Nisalimie kaka na mkewe, shangazi muuza dagaa asiyeishiwa maneno, na jirani anayekuchotea maji. Na mjomba, nasema yule ndugu yako wa tumbo moja, mwambie nafasi yake iko wazi. Aliyekuwa ameikalia ameondolewa kwa muhuri.

Mwanao, mfanyakazi,
Mwajuma