Kioo kizuri kwa mpira, kibaya kwa herufi

Jumanne jioni

Hasira bado haijashuka. Kioo kipya cha kompyuta, inchi ishirini na saba, kimekaa mezani kama bwana harusi, na mimi siwezi kukisomea kurasa tatu bila macho kutoka machozi.

Na mswada wa kitabu cha watoto unangojewa na mpiga chapa Jumatatu. Tangu nipasuliwe jicho, kompyuta ndogo siiwezi tena. Ndiyo maana nilinunua kioo.

Mjukuu wangu Zaina, anayekitumia kwa michezo yake, amefurahi. "Babu, hii ni muzuri! Naona mpaka majani ya uwanja!" Ni kweli, picha inakimbia bila kukwama. Lakini herufi zina ukungu kingoni, kwa sababu nukta za picha ni chache mno kwa kioo kipana namna hii.

Nimempigia simu mwenye duka, nikamgombeza. Akacheka. "Apana, Muzee! Si we ulitufundisha mambo ya nukta saa nzima, watu wamesimama? Mi ningekubishia?"

Hapo nikakasirika zaidi, maana hakusema uongo. Dukani tulitazama mpira kwenye kioo hiki, mimi nikaeleza kwamba nukta zake zinatosha, wao wakaitikia. Mwalimu mzima, sikufungua hata ukurasa mmoja wa maandishi.

Amekubali kubadilisha, mradi katoni iwe nzima. Kesho nakwenda na mswada wangu kwenye flashi. Nitakaa mbele ya kila kioo alicho nacho, nisome, nifunge mdomo.